Fahamu: Injini ipi ya gemu inamfaa anayeanza?
Kwenye gemu, mpira unapigwa kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde, unapenya ukuta kama mzimu. Kwa nini? Kwa kawaida, injini ya Godot hukokotoa mwendo mara 60 kwa sekunde. Kila hatua mpira unasogea nusu mita, hivyo ukuta wa sentimita 10 unaweza kurukwa. Hakuna injini isiyo na mtego kama huu.

Kwa gemu za 3D, injini ya Unity hutumia PhysX, mfumo wa fizikia wa NVIDIA. Unreal Engine 5 ina mfumo wake, Chaos, ila inataka kompyuta yenye misuli. Godot ni nyepesi, ni ya bure, na tangu toleo la 4.4 la mwaka 2025 imekuja na mfumo wa fizikia wa Jolt, uliotumika kwenye gemu ya Horizon Forbidden West.

Una laptop ya kawaida? Anza na Godot: panga masanduku kumi, yaangushe, uone yanavyotulia.