Jiko Letu na Rangi Zake

Mgeni afikapo nyumbani kwa Mwislamu katika mji wetu wa Mpanda hukaribishwa barazani au sebuleni, na huko hukuta kuta zimepakwa rangi ya kupendeza na sakafu imefagiwa ikang'aa. Huletewa chai na maandazi, akala, akashukuru, akaenda zake. Lau angefuata nyayo za yule aliyemletea sinia ile, angefika katika chumba cheusi kwa masizi, chenye dirisha moja dogo, ambamo mama wa nyumba huketi saa nyingi kila siku huku machozi yakimtoka kwa moshi. Mgeni wa saa moja amepakiwa rangi. Mwenyeji wa maisha ameachiwa masizi.

Ndugu wasomaji, twaandika haya kwa kuwa kiangazi ndio wakati wa kutengeneza nyumba katika mkoa wetu wa Katavi. Mvua zimekatika, matofali yamekauka, na aliyeuza mahindi, mpunga au tumbaku ana fedha kidogo mkononi. Wengi siku hizi hutaka kulitengeneza jiko, na hilo ni jambo jema. Lakini swali la kwanza wanalouliza dukani ni, "Rangi gani inapendeza?" Nasi twaona kuwa swali hilo lilipasa kuwa la mwisho.

Katika Sahih Muslim imepokewa kisa cha Bibi Aisha (R.A.), ya kuwa Mtume wetu (S.A.W.) aliporudi safarini alikuta pazia la kitambaa limetundikwa mlangoni. Akalichukia, akalivuta mpaka likachanika, na akambainishia kuwa hatukuamrishwa kuvisha nguo mawe na udongo. Basi Bibi Aisha akakikata kitambaa kile, akafanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, wala Mtume hakumkataza. Wanavyuoni wetu wa Kishafi'i wameandika kuwa kuvisha kuta namna hiyo ni makuruhu, si haramu. Lakini tutazame mafunzo yake: kitambaa ni kile kile. Kilipokuwa ukutani kwa pambo tu hakikuridhiwa. Kilipokuwa mto wa kuegemea mtu aliyechoka kikaachwa. Basi na sisi tuiulize kila rangi tunayotaka kuinunua: je, ina kazi gani kwa aliyechoka?

Wala mtu asidhani kuwa jiko ni jambo la wanawake lisilomhusu mume. Katika vitabu vya fikihi tunavyosomesha, kama Minhaj ya Imamu Nawawi, vyombo vya kupikia na kulia vimehesabiwa katika haki za mke juu ya mumewe. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahali zake mpaka wakati wa sala ufikapo.

Tutawasimulia kosa letu wenyewe, huenda likamfaa mwingine. Miaka kadhaa iliyopita tulilitengeneza jiko la nyumbani kwetu. Tukaenda dukani, tukachagua rangi ya mafuta ya kijani inayong'aa, tukamwita fundi, akaipaka juu ya masizi baada ya kuyafuta kwa ufagio. Siku ya kwanza tulifurahi mno. Haukupita mwezi, madoa ya kahawia yakaanza kutokea juu ya ile kijani. Mvua za Novemba zilipokuja, ukuta ukatoa jasho na rangi ikabambuka mfano wa magamba ya samaki. Mama watoto wetu alinyamaza muda wote huo, kisha siku moja akasema, "Maalim, mbona hukuniuliza? Mimi nilitaka dirisha." Hatukuwa na jawabu. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tangu siku ile tukajifunza kutoka kwa mafundi na kutoka kwake yeye mwenyewe, na mpango tulioupata ni huu.

Jambo la kwanza ni moshi. Hakuna rangi iwezayo kushindana nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliwaua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 peke yake, na wengi wa wapumuao moshi huo ni kina mama na watoto. Katika mwaka 2024 Serikali yetu ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Awezaye kununua jiko la gesi na anunue. Asiyeweza, na atoboe dirisha la pili lielekeane na la kwanza ili hewa ipite, na aache nafasi ya wazi chini ya bati, juu kabisa ya ukuta, moshi upate kutoka. Fedha ya debe moja la rangi yaweza kutosha kazi hiyo, na faida yake haibambuki.

Jambo la pili ni ukuta wenyewe. Masizi yana mafuta ndani yake, na rangi haishiki juu ya mafuta. Yakwanguliwe kwanza, kisha ukuta uoshwe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili au tatu, uachwe ukauke. Palipo na ufa pazibwe. Kama lipu ni mpya, isipakwe rangi upesi; saruji yataka kiasi cha siku 28 ili ikomae, na ukuta wenye unyevu huisukuma rangi kutoka ndani, kama ulivyofanya wa kwetu.

Jambo la tatu ndilo la rangi, na hapa twamsihi msomaji asitupite haraka. Sehemu ya juu ya ukuta na iwe nyeupe au ya rangi iliyofifia, kama ya maziwa. Rangi hizo hurudisha mwanga, na jiko lenye dirisha dogo huonekana limepanuka. Mpishi huona kijiwe katika mchele na mdudu katika maharage. Tena ukuta mweupe ni shahidi mwaminifu: ukianza kuwa mweusi, wakuambia kuwa moshi haujapata njia. Ukuta mweusi hauna la kukuambia.

Kwa weupe huo, chokaa ingali ni bora kwa wengi wetu. Wazee wa pwani waliijenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na miji hiyo ingali inakaliwa na watu hata leo. Chokaa huikamata hewa kidogo kidogo ikageuka kuwa jiwe tena, huacha ukuta upumue, na ukali wake huzuia ukungu. Ichujwe kwa kitambaa, itiwe chumvi kidogo ipate kushika, ukuta ulowanishwe, kisha ipakwe mara tatu nyembamba badala ya mara moja nzito. Mpakaji ajikinge macho na mikono, maana chokaa huunguza. Wala haishiki juu ya rangi ya mafuta. Mwenye kuipaka upya kila mwaka kabla ya Ramadhani hatatumia fedha nyingi, na jiko lake litaupokea mwezi mtukufu likiwa safi.

Sehemu ya chini, kiasi cha futi nne kutoka sakafuni, ndiyo irukiwayo na maji, mafuta na matope mekundu ya nchi yetu. Hapo pafaa niru ya saruji iliyosuguliwa vizuri, au rangi ya mafuta yenye wekundu wa udongo au kijivu, ipate kuoshwa kwa kitambaa.

Lakini rangi ya mafuta ina hatari ambayo sisi watu wa Mpanda tulipaswa kuijua mapema kuliko wengine. Reli yetu ya tawi kutoka Kaliua ilijengwa kwa sababu ya mgodi wa risasi uliokuwa hapa. Mgodi umefungwa zamani, bali madini yale yale ya risasi yametiwa kwa miaka mingi na viwanda vya nchi mbalimbali katika rangi za mafuta, khasa za manjano, za machungwa na nyekundu zilizokoza, ili zing'ae na zikauke upesi. Rangi hiyo ichakaapo huwa vumbi, vumbi likaingia katika chakula na katika vidole vya mtoto atambaaye. Matabibu wamethibitisha kuwa risasi huudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani limesema hakijulikani kiasi chake kisichodhuru. Haitoi harufu wala haileti homa ya kumtahadharisha mzazi. Mtoto hupungukiwa na ufahamu taratibu, kisha akaja kwetu chuoni, tukamwita mzito wa kuhifadhi, kumbe sisi wakubwa ndio tuliomdhuru.

Basi ununuapo rangi ya mafuta, soma maandishi ya debe, na utake ile iliyoandikwa kuwa haina risasi. Ikiwa debe halina maandishi, liache. Rangi ya zamani usiikwangue ikiwa kavu: ilowanishe kwanza, watoto na mama mjamzito wakae mbali, magamba yakusanywe katika karatasi yafungwe, kisha sakafu ipigwe deki kwa maji mengi. Na hili ndilo tulilokosea sisi tulipoibambua ile kijani yetu kwa mikono mikavu, wajukuu wakicheza pale pale. Twamwomba Mola atusamehe.

Jambo la nne ni sakafu. Jikoni huchinjwa kuku na huoshwa nyama, na damu imwagikayo ni najisi. Kwa hiyo sakafu ya jiko la Mwislamu yapasa ikubali maji na iyatoe. Saruji iliyotiwa unga wa rangi nyekundu yatosha kabisa, wala wekundu wake haupaushwi na jua. Ielekezwe kidogo upande wa tundu la kutolea maji. Anayeweza vigae na avitie, ila achague vyenye ukavu; vile vinavyoteleza kama kioo huwaangusha watu pindi mafuta yanapomwagika.

Mwisho twasema juu ya fedha. Surat Al-A'raf, katika aya ya 31, imetuhalalishia kujipamba na kula na kunywa, kisha ikatukataza israfu. Kukopa ili jiko lifanane na la jirani si katika pambo lililohalalishwa, bali ni mzigo. Mwenye kidogo na aanze na dirisha, mwakani chokaa, mwaka wa tatu sakafu. Na kabla ya yote hayo aketi na mkewe, amuulize, "Mama, wewe unaona lipi litangulie?" kisha amsikilize.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba zetu, awalinde wapishi wetu na watoto wetu, na atujaalie tuwakirimu walio ndani kama tunavyowakirimu wageni. Amin.