D 60, F 700: Namna ya Kuisoma Darubini

Kwenye maboksi ya darubini za bei nafuu, namba inayochapwa kubwa kuliko zote mara nyingi ni 525. Muuzaji anamaanisha kwamba chombo kinakuza mara 525, na mzazi anayetaka mwanawe auone Mwezi kwa karibu hutoa pesa kwa sababu ya namba hiyo. Ila ukiitoa darubini yenyewe ukaigeuza, utakuta maandishi madogo karibu na lenzi: D=60mm, F=700mm. Hayo ndiyo ya kusoma. Anayeyaelewa anaweza kujua mchana kweupe, dukani, darubini ile itamwonyesha nini usiku.

D ni kipenyo cha lenzi ya mbele, au cha kioo kikuu ikiwa darubini ni ya kioo. Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayotawala mambo mengine yote. Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga. Kukuza kunafuata baadaye. Mboni ya jicho la kijana ikishazoea giza hufunguka hadi milimita 7 hivi. Lenzi ya milimita 60 ina kipenyo kama mara 8.6 ya hiyo, lakini mwanga hupokelewa na eneo lote la lenzi, na eneo hukua kwa kipeo cha pili cha kipenyo. Kwa hiyo lenzi hiyo huingiza mwanga karibu mara 73 ya ule unaoingia jichoni peke yake. Ukichukua kioo cha milimita 150, yaani umeongeza sentimita 9 tu, unapata mwanga zaidi ya mara 6 ya ule wa lenzi ya 60. Hakuna nyongeza nyingine kwenye darubini inayoleta tofauti kubwa kiasi hicho.

Kipenyo ndicho pia kinachoamua undani wa picha. Mwanga una tabia ya mawimbi, na ukipita kwenye uwazi wowote hutawanyika kidogo. Matokeo yake nyota, ingawa kwa umbali wake ni nukta, huonekana ndani ya darubini kama kiduara. Uwazi ukiwa mdogo, kiduara kinapanuka, na nyota mbili zilizokaribiana zinaungana zikawa doa moja. Katika karne ya 19 Mwingereza William Dawes, aliyetumia miaka mingi kupima nyota pacha, aliwaachia wenzake kanuni nyepesi: gawanya 116 kwa kipenyo cha milimita, na jibu ni pembe ndogo kabisa ambayo darubini yako inaweza kutenganisha, kwa sekunde za tao. Sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Kwa lenzi ya 60 jibu ni karibu sekunde 2. Pete za Zohali hutanda takriban sekunde 40, kwa hiyo utaziona. Alfa Sentauri, mfumo wa nyota ulio jirani kuliko yote baada ya Jua letu, ambao sisi wa Afrika Mashariki tunauona upande wa kusini usiku wa Mei na Juni, una nyota mbili kubwa ambazo miaka hii zimeachana zaidi ya sekunde 5. Darubini ndogo inazitenganisha. Watu wa Ulaya ya kaskazini hawazioni kabisa, hata wawe na darubini ya gharama gani, kwa kuwa hazichomozi kwao.

Sasa F. Huu ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi mahali miale ya nyota inapokutana kufanya taswira. Lenzi ndogo unayoweka jichoni nayo ina urefu wake wa fokasi, ulioandikwa ubavuni: milimita 20, au 12.5, au 4. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya tu. 700 kwa 20 ni mara 35. 700 kwa 4 ni mara 175. Ukichomeka katikati lenzi ya Barlow, ile inayozidisha ukuzaji, ya mara tatu, 175 inakuwa 525, na sasa unajua namba ya boksi ilikotoka.

Hesabu ni sahihi, lakini picha haiwezi kuonekana vizuri. Mwanga ulioingia kwa mbele ni uleule, na kuukuza ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria inajaa, ladha inapotea. Undani nao hauongezeki, kwa sababu kipenyo kilishaweka mpaka wake. Unachokuza sasa ni ukungu. Kanuni ya waangalizi ni kutozidisha ukuzaji kupita mara mbili ya kipenyo cha milimita. Kwa lenzi ya 60, mwisho ni kama 120, tena hewa ikiwa imetulia. Kwenye 525, mwale unaoingia jichoni una upana wa karibu milimita 0.11. Mtoto ataona giza linalotikisika, aamini kwamba hana jicho la nyota, aiache darubini. Namba ile inauza maboksi na inafukuza wanafunzi, na mimi sioni sababu ya kuivumilia.

Galileo alipoona miezi minne ya Mshtarii Januari 1610, alikuwa na ukuzaji wa mara 20 hivi. Kilichomsumbua ni uwanja wa mwono, yaani kipande cha anga kinachoonekana kwa mara moja. Kwake kilikuwa finyu mno hata Mwezi haukuenea wote. Lenzi za macho za siku hizi zina uwanja wao wenyewe, na nyingi za kawaida ni karibu digrii 50. Gawanya huo kwa ukuzaji upate kipande halisi cha anga. Kwa mara 35 ni digrii 1.4, kwa mara 56, yaani kwa lenzi ya 12.5, ni 0.9. Nyota angavu za Kilimia, kundi lililowaongoza wakulima wa pwani kwa vizazi, zimetanda kama digrii 1. Kwa mara 35 unaliona kundi zima. Ukikuza hadi 56, nyota za pembeni zinatoka nje.

Gawanya F kwa D na utapata uwiano wa fokasi. Wa darubini yetu ni 11.7. Lenzi moja hupinda rangi ya buluu zaidi ya nyekundu, na kwa hiyo nyota angavu huvaa ukingo wa rangi. Uwiano mkubwa hupunguza kasoro hiyo, ndiyo maana katika karne ya 17 Johannes Hevelius wa Danzig alijenga darubini yenye urefu wa mita 46 hivi. Newton alipita njia nyingine mwaka 1668: akatumia kioo, kwa sababu kioo huakisi rangi zote kwa pembe ileile. Zaidi ya hapo, lenzi hushikwa kwenye ukingo tu na ikiwa nzito hulegea katikati, ilhali kioo hubebwa kwa nyuma. Lenzi ya Yerkes kule Wisconsin, Marekani, yenye sentimita 102, ilizinduliwa 1897 na haijapata mrithi mkubwa zaidi katika utafiti. Darubini kubwa ya SALT iliyopo Sutherland, Afrika Kusini, ina vipande vya kioo 91 vilivyopangwa kama kimoja.

Usiangalie anga kupitia juu ya paa la bati jioni. Joto linalopanda hutikisa picha. Na usiielekeze darubini kwenye Jua, hata ukipewa kichujio cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, kwani hupasuka kwa joto na jicho likapofuka papo hapo. Kichujio salama hufunika mdomo wote wa mbele.

Kabla ya kulipa, pima na rula tundu la kuwekea lenzi ya jicho. Likiwa na milimita 31.7, lenzi nzuri za kubadilisha zinapatikana kwa urahisi na zitahamia kwenye darubini kubwa utakayonunua baadaye. Likiwa na 24.5, utahangaika kuzipata, kwa hiyo afadhali uulize kama wana nyingine.