Wakanda Iko Nyuma ya Beni

Mawingu yakiachia, mtu aliyesimama Beni huuona Ruwenzori upande wa mashariki, barafu kileleni, mita 5,109 juu ya bahari. Mlima huo umo ndani ya Black Panther, filamu ya Ryan Coogler ya 2018: baadhi ya picha za Wakanda kutoka angani zilipigwa Uganda, kwenye Ruwenzori na msitu wa Bwindi. Mengine karibu yote yalitengenezwa Atlanta, Marekani, na watu wa Wakanda wakizungumza lugha yao, ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Mnande wa Butembo ana haki ya kunung'unika kidogo: mlima wamechukua, lugha wameiacha.

Hata hivyo filamu ni tamu. Nchi yenye madini ambayo dunia nzima inayatamani, nayo haijamruhusu mgeni kuyagusa! Kivu ya Kaskazini, penye koltani na dhahabu, hadithi hiyo inasikika tofauti na inavyosikika London.

Inayostahili ugomvi ni Outbreak, ya Wolfgang Petersen, iliyotoka Machi 1995 na Dustin Hoffman kama daktari wa jeshi. Inaanzia Zaire, 1967, kwenye kambi iliyovamiwa na homa ya kutoka damu. Maofisa wa Marekani wanafika, wanachukua damu ya wagonjwa, wanaahidi msaada. Baadaye ndege inatokea, na kinachoshuka ni bomu linaloteketeza kambi nzima. Zaire yenyewe ilipigwa picha Kauai, kisiwa cha Hawaii. Kisha Wakongo wanasahauliwa na filamu inahamia mji mdogo wa California, ambako dawa inapatikana kwa kumkamata tumbili mmoja.

Kama mchezo wa kukimbizana kwa helikopta, inasisimua. Lakini itazamwe Butembo, baada ya Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina na kumalizika 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu 961 wa Beni na Butembo; robo yao walisema Ebola haipo. Wengine waliona ni biashara, au njama. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Hakuna anayeweza kuitwisha filamu moja mzigo huo, maana watu waliokuwa wakiuawa kwa miaka bila kulindwa walikuwa na sababu zao za kutomwamini mgeni anayeshuka ghafla na magari mengi. Ila daktari mwongo anayefuatwa na bomu ndiye hasa waliyemhofia.

Tena hadithi ya kweli inaishinda ile ya tumbili. Miezi miwili tu baada ya filamu kutoka, Ebola iligunduliwa Kikwit, humohumo Zaire. Mgonjwa mmoja alipona, na mwaka 2006 damu yake ilichukuliwa, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo. Humo ndimo ilimotoka dawa ya mAb114. Ilijaribiwa kuanzia Novemba 2018 kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na Agosti 2019 ikatangazwa kuwa mojawapo ya dawa mbili zilizookoa wengi zaidi. Hollywood bado haijaigusa hadithi hiyo.

Kwa anayetaka kusikia watu wa Kivu wakizungumza wenyewe, ipo Virunga ya Orlando von Einsiedel, iliyotoka 2014 na kuteuliwa kushindania Oscar. André Bauma anawalea sokwe yatima huku vita vya waasi wa M23 vikisogea; mlinzi Rodrigue Katembo anawarekodi kwa kamera ya siri watu wanaojaribu kumhonga kwa ajili ya mafuta ya petroli. Ni nzuri kuliko zote mbili. Kasoro yake ni kwamba imekaa zaidi Goma, Rumangabo na Ziwa Edward. Mtu wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, atakayeitazama akitumaini kuona kwao atatoka mikono mitupu.