Nyota Iliyojisitiri

Ukisimama sokoni Litumbandyosi, wilayani Mbinga, ukaita "Mama Esta!", usishangae wakiitika wawili. Mmoja ameinamia mafungu ya dagaa wa Ziwa Nyasa, mwingine yuko dukani anapimiwa sukari. Kwa wote wawili, Esta ni jina la ubatizo tu. Limekuja na wamisionari: Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898, na upande wa ziwa Waanglikana, waliokita kambi kisiwani Likoma mwaka 1885.

Kabla ya hapo lilikuwa Uajemi. Binti yatima wa Kiyahudi, jina lake la nyumbani Hadasa, yaani mhadasi, ule mti wenye majani ya kunukia, aliingia jumba la Mfalme Ahasuero huko Shushani akiitwa Esta. Wataalamu wengi hulitafsiri jina hilo kuwa nyota, kwa Kiajemi. Wengine humtaja Ishtar, mungu wa kike wa Babeli. Hata leo Wairani huita nyota setareh, na mabinti wengi wanaitwa hivyo hivyo. Ukifika India na Pakistan, Setareh amekuwa Sitara.

Hapo Mswahili lazima akune kichwa. Sitara kwetu ni cha kujifunikia, ndugu yake stara na kusitiri, na tumeitoa kwa Waarabu. Kumbe mzizi huo umo pia katika Kiebrania, na marabi wa kale walipolisikia jina Esta walisikia habari ya kufichika. Hawakukosea sana. Mordekai, binamu yake aliyemlea, alimkataza kutaja kabila lake, naye akakaa ikulu na siri hiyo mpaka watu wake walipokaribia kuangamizwa. Mungu mwenyewe hatajwi hata mara moja katika Kitabu cha Esta cha Kiebrania. Yumo kwenye nyongeza za Kigiriki walizonazo Wakatoliki.

Ninayemwonea huruma ni Vashti, malkia aliyetangulia. Alifukuzwa kwa kukataa kwenda kuonyeshwa uzuri wake mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa. Sijapata kukutana na mtoto aliyebatizwa Vashti, si Mbinga wala kwingine.

Nilimuuliza Mama Esta wa dagaa kwa nini bintiye alimpa jina hilo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha, akarudi kwenye mafungu yake. Ni somo wa bibi yake, alisema.