Ncha, Jozi na Mzunguko: Istilahi za Jenereta ya Mkondo Geu

Fundi anayetaka kujua jenereta iendeshwe kwa kasi gani huhitaji tarakimu mbili tu: marudio ya umeme anaoutaka, na idadi ya ncha za sumaku zilizomo ndani ya mashine. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lakini katika kuifasiri kwa Kiswahili pana mtego ambao umetufanya tuandike makala haya.

Vitabu vingine vya kigeni, hasa vya Kimarekani, husema kuwa kasi kwa dakika ni marudio mara 120, kugawanya kwa idadi ya ncha. Vingine, hasa vya Kijerumani, husema ni marudio mara 60, kugawanya kwa idadi ya jozi za ncha. Kauli zote mbili ni sahihi, na aghalabu zote mbili hutumia herufi ileile, p. Basi mfasiri akichukua 60 ya kitabu kimoja na neno 'ncha' la kitabu kingine, jenereta yenye ncha 4 itaandikiwa mizunguko 750 kwa dakika badala ya 1500, nayo itatoa umeme wa marudio 25 mahali palipotakiwa 50. Akikosea kinyume, yaani akitumia 120 pamoja na jozi, ataandika 3000. Kosa hili la pili ni la hatari. Kasi ikiongezeka maradufu, kani inayozivuta sehemu za rota kwenda nje huongezeka mara nne, na rota iliyoundwa kwa kasi ya 1500 yaweza kupasuka vipande.

Tuanze na jambo lenyewe kabla ya maneno yake. Katika jenereta kubwa kinachozunguka ni sumaku-umeme, iitwayo rota. Koili zinazotoa umeme zimetulia katika stata, ambayo ni duara la chuma linaloizingira rota. Ncha ya kaskazini inapopita mbele ya koili, umeme husukumwa upande mmoja. Ncha ya kusini inayofuata huusukuma upande wa pili. Kupita kwa ncha hizo mbili ndiko kunakokamilisha kwenda na kurudi kumoja kwa mkondo. Kwa hiyo rota yenye ncha 2 ikizunguka mara moja, mkondo hukamilisha safari moja. Yenye ncha 4, safari mbili. Yenye ncha 12, safari sita. Na kwa kuwa kaskazini ya sumaku haipatikani pasipo kusini yake, idadi ya ncha daima ni namba shufwa. Hakuna jenereta ya ncha 5.

Katika nchi za Afrika Mashariki umeme wa gridi una marudio 50 kwa sekunde. Kwa marudio hayo ncha 2 hudai mizunguko 3000 kwa dakika, ncha 4 hudai 1500, ncha 6 hudai 1000, na ncha 12 hudai 500. Msomaji atambue kwamba kasi hizi huenda kwa kuruka: baina ya 3000 na 1500 hakuna kituo. Ndiyo maana kijenereta cha petroli cha dukani, ambacho kwa kawaida kina ncha 2, hupiga kelele kwa kasi ya 3000, na jenereta kubwa ya dizeli ya hospitali, yenye ncha 4, hunguruma taratibu kwa 1500 na kudumu zaidi. Wengi hudhani kuwa ncha zikiwa nyingi umeme nao huwa mwingi. Sivyo. Wingi wa ncha huiruhusu mashine kwenda polepole, hauizidishii nguvu.

Anayeamua idadi ya ncha, kwa kweli, si fundi wa umeme bali ni kile kinachoizungusha rota. Turbini ya mvuke hufanya kazi vizuri ikienda mbio, hivyo jenereta yake huwa na ncha 2 au 4. Rota yake ni mcheduara mrefu mwembamba, kwa sababu ukingo wa rota yenye kipenyo cha mita 1.2 inayozunguka mara 3000 kwa dakika husafiri karibu mita 188 kila sekunde, na chuma kina kikomo cha ustahimilivu. Turbini ya maji yenye anguko la wastani ni pole zaidi; ncha zake ni nyingi, zimechomoza kuizunguka rota pana iliyo fupi kama ngoma, na kila ncha ina koili yake inayodai nafasi.

Mfano ulio bora kuliko yote tunayoijua uko mbali nasi, katika bwawa la Itaipu kwenye mto Paraná, mpakani mwa Brazili na Paraguai, lililoanza kutoa umeme mwaka 1984. Hapo pana mitambo 20, kila mmoja wa megawati 700. Brazili hutumia marudio 60, na Paraguai hutumia 50. Mto ni mmoja na anguko la maji ni moja, hivyo turbini zote hutaka kasi iliyo karibu sawa. Tofauti ikawekwa katika ncha: jenereta 10 zina ncha 66 na huzunguka mara 90.9 kwa dakika, na 10 nyingine zina ncha 78 na huzunguka mara 92.3. Msomaji agawanye 6000 kwa 66, kisha 7200 kwa 78, atajionea mwenyewe. Umeme wa marudio 50 ambao Paraguai haiutumii hauwezi kuingia moja kwa moja katika gridi ya Brazili. Hugeuzwa kwanza kuwa mkondo mnyoofu, husafirishwa, kisha hugeuzwa tena kuwa mkondo geu wa marudio 60.

Sasa maneno. 'Ncha' ya mkuki au ya sindano ni kitu chembamba kilichochongoka, ilhali ncha ya rota ni uso mpana. Wako wanaopendelea 'poli' kwa sababu hiyo. Sisi tunaona 'ncha' ibaki, kwa kuwa mtoto wa shule amekwisha kuijua katika sumaku na katika ramani ya dunia. Panapohitajika kutajwa sehemu inayoielekea stata, na iitwe 'uso wa ncha'. Udhaifu wa neno hili uko kwingine: umoja na wingi wake ni mamoja. Katika sentensi upatanisho hutusaidia, 'ncha ya' na 'ncha za', lakini katika majedwali na kwenye vibao vya mashine hakuna upatanisho. Kwa hiyo tunapendekeza iandikwe kwa ukamilifu 'idadi ya ncha' au 'idadi ya jozi za ncha', na kanuni isichapwe kamwe kwa herufi tupu isiyoelezwa.

'Mzunguko' umebebeshwa mizigo mitatu: kuzunguka kwa rota, kwenda na kurudi kwa mkondo, na njia nzima ipitwayo na umeme. Mtu akisoma 'mizunguko 50' na 'mizunguko 1500' katika ukurasa mmoja atachanganyikiwa, na hana lawama. Tungependa 'mzunguko' uachiwe rota, mkondo upewe 'duru', na njia ya umeme iwe 'saketi'. Idadi ya duru kwa sekunde ndiyo 'marudio'. Wengi husema 'masafa', lakini asili ya neno hilo ni umbali, na katika redio 'masafa mafupi' ni urefu wa mawimbi; mawimbi yakiwa mafupi marudio huzidi, na neno moja haliwezi kutumikia vitu viwili vinavyokwenda kinyume. Vivyo hivyo 'mkondo mbadala' haufai: mbadala ni kitu kishikacho nafasi ya kingine, na mkondo huu haushiki nafasi ya chochote, hugeuka tu.

Limebaki neno moja gumu. Rota ya ncha 4 ikizunguka mara moja, yaani nyuzi 360, mkondo hukamilisha duru mbili, yaani 720. Wahandisi hulazimika kutofautisha vipimo hivyo viwili wanapopanga koili katika mifuo ya stata. Cha kwanza twaweza kukiita 'nyuzi za rota' bila taabu. Cha pili tukikiita 'nyuzi za umeme', fundi yeyote ataelewa kuwa tunazungumzia waya. Hapo hatuna budi kukubali 'digrii za umeme', na kwa ajili ya ulinganifu, 'digrii za rota' pia.