Mwambatano na Msuguano wa Nyaya za Nano: Upimaji na Istilahi

Kwa mazoea, vitu viwili husuguana kwa sababu kimoja kimekandamizwa juu ya kingine. Mfaransa Guillaume Amontons aliieleza kanuni hiyo mwaka 1699: kani ya msuguano huongezeka kwa uwiano na kani inayokandamiza, wala haitegemei ukubwa wa eneo la mgusano. Nyaya zenye kipenyo cha makumi ya nanomita haziifuati.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kitu kikipunguzwa mara 1,000 kila upande, uzito wake hupungua mara bilioni moja, ilhali uso wake hupungua mara milioni moja tu. Hapo uso ndio hutawala. Nyaya mbili za silikoni zikikaribiana, kani za van der Waals huzivuta zikagandana pasipo kukandamizwa na chochote.

Kani hizo hupimwa kwa hadubini ya kani za atomi, iliyobuniwa na Binnig, Quate na Gerber mwaka 1986. Ingawa huitwa hadubini, chombo hiki hakitazami, hupapasa. Kina mkono mwembamba unaopinda kama springi, na mwale wa leza unaoakisiwa mgongoni mwake huonyesha kiasi cha kupinda. Mkono wenye ugumu wa nyutoni 0.1 kwa mita ukipinda nanomita 10, kani yake ni nanonyutoni 1. Waya mmoja hubandikwa mkononi, wa pili hulazwa chini kwa kukingamana nao. Wa juu huteremshwa hadi ziguse, kisha huinuliwa. Hauachii mara moja: mkono hupinda, hupinda zaidi, na ghafla waya huchomoka. Kani ya wakati huo ndiyo kipimo cha mwambatano. Ukiburutwa kando, mkono hujinyonga, na kunyongeka huko hupima msuguano. Mwaka 1987 Mate na wenzake walikwisha kupima msuguano wa ncha ya waya wa tungsteni juu ya grafiti.

Jambo la ajabu ni kwamba hata mkono unapovuta juu kidogo, msuguano haukomi: mwambatano umeshika nafasi ya mzigo. Kwa hiyo dhana hizi mbili zahitaji istilahi zisizochanganyika. “Msuguano” limekwisha kukubalika. Kwa dhana ya pili, “mshikamano” limetekwa na siasa. “Mnato” huleta picha ya asali au gundi, ilhali nyaya hizi ni kavu. Tena unyevu wa hewa ukiingia, maji hujikusanya kwenye mwanya na kuzishikiza zaidi, ndiyo maana vipimo vingine hufanywa katika ombwe. Atakayeandika “mnato” atakuwa ameficha tofauti ileile ambayo jaribio lilikusudia kuibainisha. “Mwambatano”, kutokana na kitenzi ambata, halidai umajimaji wowote, ijapokuwa kwa makarani litakumbusha zaidi barua na viambatisho vyake.