Kugeuza miito kuwa mto

Programu ya telefone ikitaka kujua mahali tuko, haingoji imesimama, inaweka msikilizaji na kusema: «Ukipata habari, uniite.» Miito inakuja mingi, inachanganyika. Katika luga ya Kotlin, callbackFlow inaigeuza kuwa mto: trySend inatupa kila habari ndani, na msomaji anachota moja moja.

Sasa, juu ya nini kuweka awaitClose mwishoni? Wengi wanawaza iko ya kufunga tu. Hapana! Kwanza inashika mto ukae wazi. Kiisha, msomaji akienda zake, maagizo tuliyoandika ndani yake yanaondoa yule msikilizaji. Tusipomwondoa, GPS inaendelea kutafuta, na batri inakwisha bure.